Mkate wa Nyama wa Mama Anjelina

Zuhura mwanangu,

Unga wa kwanza nimewapa kuku. Nilimwagia hamira maji ya moto badala ya vuguvugu, ikafa pale pale, na mimi nikakaa saa nzima nikiusubiri unga uumuke. Mwanamke aliyeoka mkate wa nyama kila Idi tangu hajaolewa, leo kashindwa na hamira. Nimekasirika mpaka nikacheka peke yangu, halafu nikakasirika tena. Sasa unga wa pili uko kwenye beseni, nimeufunika kanga, na kwa kuwa sina la kufanya ila kungoja, nimechukua daftari lako la zamani la Jiografia nikuandikie. Umekwenda Kwihara kumuaga bibi yako, nami nakujua, hutatoka kule kabla ya magharibi. Nafasi ninayo.

Sitakuandikia habari ya chandarua wala ya maji ya kuchemsha. Wewe ni muuguzi, hayo utawaambia watu wa Uvinza, si mimi nikuambie wewe. Sitakuandikia uvae nini, uamke saa ngapi, uchague marafiki gani. Hayo nimeyasema miaka ishirini na mitatu. Kama hayajaingia, hayataingia kwa barua.

Leo kila kitu kinaniudhi. Wanaokuajiri wananiudhi, maana wanataka uripoti siku nne kabla ya Idi ya kuchinja, utadhani wagonjwa wa Uvinza hawakuwahi kuugua mpaka wewe umalize chuo. Baridi hii ya asubuhi inaniudhi, inachelewesha unga. Wewe nawe uliniudhi juzi uliponishikia simu mdomoni unirekodi nikisema vipimo vya mkate. Vipimo gani? Nilikuambia unga kiasi, maziwa kiasi, ukasema, "Mama, kiasi ndiyo ngapi?" Nikanuna. Sikununa kwa sababu ya swali. Ni kwamba mara ya mwisho mtu kuniuliza vipimo vya mkate huu nilimjibu kwa hila, na sijapona mpaka leo.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini Mama Anjelina haji tena kwetu. Nilikuwa nakujibu ni mambo ya watu wazima. Sasa wewe ni mtu mzima, una barua ya ajira na sanduku limefungwa. Sitaki uondoke na jibu lile.

Mama Anjelina alihamia nyuma ya ua wetu kutoka Nzega wakati wewe hujaanza kutembea. Ua ulikuwa wa minyaa, na palikuwa na uwazi mmoja katikati ambao sisi wawili tuliupanua kwa kupita kila siku. Mwanawe na wewe mlikuwa rika moja. Akimwogesha Anjelina anakuogesha na wewe, nikipika uji napika wa wawili. Alikuwa anakuita mayu, kama kwao wanavyomwita mtoto wa kike wanayempenda, na mpaka umekuwa msichana mkubwa ulikuwa ukisikia "mayu" ng'ambo ya ua unaacha kazi zangu unakimbia. Na hilo nalo, niseme ukweli, lilikuwa likiniuma kidogo.

Idi yetu alikula kwetu, Krismasi yao tulikula kwao. Idi nilikuwa nampelekea mkate wa nyama mzima, haujakatwa, kwenye ile sahani yangu yenye maua ya buluu. Unajua sahani zinavyotembea mtaani kwetu. Ikienda na mkate hurudi na karanga, au matembele, au kikombe cha asali ya Ipole, na hata ikikaa kwa mtu miezi hakuna anayeidai, kwa sababu kila mtu anajua inangoja siku yake. Sahani ile ilikaa kwa Mama Anjelina kuliko ilivyokaa kwangu.

Mwaka mlipokuwa darasa la sita alikuja akakaa kwenye kigoda hiki hiki nilichokalia, akaniambia, "Mama Zuhura, nifundishe mkate wako. Nimechoka kuula mara moja kwa mwaka." Nikamfundisha. Nilimwonyesha unga, maziwa, samli, namna ya kuukanda mpaka uache kushika vidole. Nilimwonyesha kufunga kima ndani ya unga, na kuupalia makaa juu ya mfuniko na chini, moto wa juu uzidi wa chini. Ila lipo jambo moja nililoliruka. Kima lazima kikaangwe mpaka maji yote yakauke, usikie mafuta yanalia peke yake, halafu kipoe kabisa ndipo ukifunge. Ukikifunga kibichi au cha moto, maji yanashuka, kitako cha mkate kinakuwa uji. Bibi yako alinifundisha hilo kabla ya yote. Mimi nililiruka kwa makusudi. Nilisema "weka kima," basi. Nilitaka ajue mkate, lakini nilitaka wangu ubaki kuwa wangu.

Krismasi ile akaoka, na kitako kikawa uji kweli. Alicheka yeye kwanza, wanawake wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nikamwambia, "Usijali, mkono utazoea." Nilimwambia hivyo nikimtazama machoni.

Hakukata tamaa. Miaka miwili alikuwa akijaribu kimya kimya, na mimi nilikuwa nikisikia harufu ng'ambo ya minyaa nasema moyoni, bado. Yeye kwa kuwa hakujua kukausha kima, alitafuta njia yake. Alichukua uyoga mkavu, ule wanaookota msituni wakati wa mvua wakauanika, akautwanga ukawa kama unga, akauchanganya na kima. Uyoga ule ulinywa maji yote. Na juu ya kunywa maji, mwanangu, ulitia ladha ambayo mkate wetu wa Kwihara haujawahi kuwa nayo tangu uanze kuokwa.

Sasa nikuambie Krismasi yenyewe. Wewe ulikuwa kidato cha kwanza.

Unajua desturi ya hapa, lakini naiandika ili ukae nayo vizuri kichwani. Mkristo akitaka kuchinja siku ya sikukuu, na amealika majirani Waislamu, humwita Mwislamu aje ashike kisu, ili wote wale chungu kimoja. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Anaitwa, anachinja, anakunywa chai, anaondoka. Na mwenye nyumba kabla ya kukaribisha watu hutaja tu: kachinja fulani. Watu wananawa, wanakula. Siku ile Mama Anjelina hakutaja. Baadaye nilielewa kwa nini.

Mvua ilikuwa inanyesha. Wanaume walikaa upande wa pili chini ya turubai, sisi wanawake barazani kwenye mkeka. Akaleta mikate mitatu, akaikata mbele yetu. Ilikatika vizuri, kitako kikavu, kima kimekaa katikati kama kilivyowekwa. Watu wakala. Mimi nilikula kipande kimoja nikajua, kabla ya mtu yeyote kusema, kwamba ule mkate ni mzuri kuliko wangu. Si kidogo. Na Bi Tatu, jirani yetu wa upande wa kisima, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na Mungu wala na binadamu, akalamba vidole akasema, "Mama Zuhura, leo mwanafunzi kakuacha mbali."

Wakacheka. Mama Anjelina naye akacheka, akaniwekea mkono begani, akasema yote kafundishwa na mimi. Hapo ndipo palipoharibika. Angenicheka ningeweza kuvumilia. Lakini alinishukuru mbele ya watu kwa jambo ambalo nilimnyima, na roho ikaniuma. Naandika hivyo hivyo, sitafuti neno la adabu: roho iliniuma.

Nikarudisha kipande changu kwenye sahani. Nikauliza, si kwa kelele, ila kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwa pale, "Mama Anjelina, kwani nyama hii nani kachinja?"

Mikono yote ikasimama. Bi Tatu alikuwa na tonge mdomoni, hakujua ameze au ateme. Mama Anjelina akasema, "Kachinja mtu unayemwamini."

Nami nikamwambia, "Hilo si jina."

Aliinama akaanza kukusanya sahani, moja juu ya nyingine, pole pole, na vipande vilivyoumwa nusu viko juu yake. Wanawake wakaanza kukumbuka nguo walizoanika, kwenye mvua ile. Mmoja mmoja wakaaga. Upande wa pili baba yako alikuwa bado anakula, nikamwona ameacha kutafuna anatutazama tunavyoondoka. Akaelewa, nadhani, kabla hatujafika mlangoni.

Nyumbani alitungika kofia yake msumarini. Baba yako hakuwa mtu wa kupaza sauti, unamkumbuka. Alisema, "Nimechinja mimi. Mbuzi wao, asubuhi." Halafu akasema, "Rudi sasa hivi, kabla hajaosha vyombo."

Nikamwambia nitakwenda kesho. Kesho nikasema mvua. Siku ya tatu wewe ulitoka kucheza kwao umebeba sahani yangu ya maua ya buluu, imeoshwa, imekauka, tupu. Ukaniambia, "Mama Anjelina kasema ahsante." Ukaiweka kabatini, ukaenda zako kujifungia na vitabu. Hukujua ulichobeba. Mimi nilijua, nikasimama mbele ya kabati lile mpaka mboga ikaungua.

Unaelewa sasa kwa nini hakutaja jina. Angetajaje kwa mke jina la mumewe, na mke yuko hapo hapo mbele yake? Kwake ilikuwa kama kunitangazia mimi jina langu. Na nilipomuuliza angeweza kusema neno moja tu, "mumeo," akanimaliza mbele ya wale wote. Akaninyamazia.

Baba yako hakulitaja tena jambo lile, ila kila Idi, mkate ukitoka motoni, aliniuliza, "Umempelekea?" Mimi nikasema hamira ilikuwa kidogo, au umeungua, au wamesafiri. Yeye aliendelea kwenda kuwachinjia kila Krismasi mpaka alipofariki. Alikuwa anapita kwenye ule uwazi wa minyaa peke yake.

Kwenye msiba wake Mama Anjelina alikuja kupitia mlango wa nyuma. Siku tatu alikuwa kwenye mafiga, anasugua masufuria makubwa kwa majivu, anachota maji, anamenya vitunguu. Bi Tatu alimpakulia pilau, akaipokea, akampa mtoto aliyekuwa karibu. Hakuonja hata punje. Mimi nilikuwa ndani nimekaa eda, namwona kupitia upenyo wa pazia. Eda ilinipa kisingizio cha kutotoka. Ilipokwisha nikatafuta kisingizio kingine, na visingizio, mwanangu, havijawahi kuwa haba nyumba hii.

Ngoja nikautazame unga.

Bado. Umeanza kupanda, lakini bado.

Basi nimalizie lile ambalo hata baba yako sikumwambia. Nimeliweka mwisho kwa sababu nilitumaini unga utaumuka kabla sijalifikia.

Asubuhi ile ya Krismasi nilimsikia baba yako ananoa kisu kwenye ngazi ya mlango. Nilikuwa chumbani natandika kitanda. Nikasogea dirishani. Nikamwona akipita kwenye minyaa na kisu amekizungushia gazeti, nikamwona Mama Anjelina anampa maji ya kunawa kwa kopo. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti wa mpera. Niliona yote hayo, nikarudi kutandika.

Kwa hiyo nilijua. Nilipouliza nani kachinja, nilikuwa najua nani kachinja. Swali lile halikuwa la dini, wala la tumbo langu. Mimi kila wiki nanunua nyama sokoni na sijawahi hata siku moja kumuuliza muuza bucha swali lile. Nililichukua jambo ambalo watu wanaliheshimu nikampigia nalo mwenzangu, kwa sababu kaoka mkate mzuri. Na wale wanawake wote walioacha kula, waliacha kwa ajili yangu. Bi Tatu mpaka leo anaamini alinusurika na kitu. Sijamwambia.

Sikuandikii haya ili uwe mtu mwema. Wema unao, sijui uliutoa wapi, labda kwa baba yako au kwa huyo anayekuita mayu. Nakuandikia kwa sababu kingine umekirithi kwangu, nacho ni huu ulimi. Juzi nilikusikia ukimjibu fundi viatu, neno moja tu, la taratibu, na yule kijana akainama. Nililitambua neno lile kama mtu anavyotambua kikohozi cha nduguye. Watu kama sisi hatupigi kelele. Tunajua pa kugusa. Na huko unakokwenda utakuwa umevaa gauni jeupe, umesimama, mwenzako amelala kitandani. Sina la kukuambia juu ya hilo zaidi ya kwamba mimi lilinishinda. Ukilisema neno la namna hiyo, na utalisema, basi rudi siku hiyo hiyo, vyombo havijaoshwa bado. Baba yako aliniambia hivyo nami nikaona ana haraka.

Jambo la kuudhi kuliko yote ni kwamba sikupata kitu. Miaka tisa mkate wangu umebaki kuwa wangu, naoka, watu wanasifu, na kila kipande nakionja nikijua kina upungufu wa kitu fulani. Nami najua ni kitu gani, kinauzwa sokoni kwa mafungu, na nilikuwa naona aibu kukinunua.

Kanga imeinuka katikati. Unga uko tayari. Naweka kalamu.

*

Nimerudi. Alasiri imekwishaingia, mikono yangu inanuka moshi, usishangae karatasi kuwa na alama za vidole.

Nilioka miwili. Jana sokoni nilinunua fungu la uyoga mkavu kwa mama mmoja wa Kigwa, nikalificha chini ya vitunguu kana kwamba nimeiba. Leo nimeutwanga, nimeuchanganya na kima, tena kima nimekikausha vile vile kama bibi yako alivyotaka, maana siwezi kuacha. Wa kwanza niliufunua kabla ya wakati kwa kiherehere, ukadidimia upande mmoja, hivyo una bonde. Wa pili umetoka sawa. Ule uliotoka sawa nikauweka kwenye sahani ya maua ya buluu.

Nilitaka kupita kwenye minyaa, sikutaka watu wanione. Uwazi umeziba. Miaka hii yote matawi yamekua yakakutana, hupitishi hata mkono. Ikabidi nizunguke barabarani na sahani yangu kama bibi harusi, na bila shaka Bi Tatu alikuwa mlangoni kwake. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kwa Mama Anjelina. Akatoka mpaka barabarani ili anione vizuri nikifika.

Mama Anjelina alikuwa uani anachambua karanga kwenye ungo. Nikapiga hodi, akasema karibu bila kuinua macho, kisha akainua. Kazeeka, Zuhura. Tunaonana kila siku kwa mbali, kisimani, dukani, tunasalimiana kama watu wa ofisini, na sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, mazuri tu. Badala yake nikasimama tu nimeshika sahani kwa mikono miwili.

Akautazama mkate. Akanitazama mimi. Hakutabasamu.

"Nani kachinja?"

Nikasema, "Sijui. Nimenunua buchani. Sikuuliza."

"Huulizagi?"

"Siulizagi."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilijua."

Aliendelea kuchambua karanga, akatoa moja mbovu akaitupa kwa kuku. "Ninajua ulijua," akasema. "Nilikuona dirishani. Mumeo ananawa, mimi nimeshika kopo, nikainua macho, pazia likacheza."

Miaka tisa, mwanangu. Miaka tisa namficha jambo ambalo alilijua kabla sijalifanya. Alikuja msibani analijua. Alikuwa anakuita mayu na kukutilia karanga mfukoni analijua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba nisingekuwa na pa kuuweka uso wangu mbele ya wale wanawake, na tena alikuwa na hasira, alitaka nikae nalo. Na msibani, akasema, alikuja kwa ajili ya marehemu, hakuja kwa ajili yangu. Alisema yote hayo kwa sauti ile ile, kama anayehesabu karanga.

Nikasema, "Nisamehe, Mama Anjelina."

Hakusema amenisamehe. Nakuandikia ilivyokuwa, sitaki uende Uvinza na hadithi tamu. Alinyoosha mkono akachukua sahani, akaiweka mapajani juu ya ungo, akaumega mkate pembeni, akaunusa.

"Umeweka uyoga."

"Nimeweka."

Akala. Alitafuna kwa muda mrefu sana. Nilijikuta na mimi nameza mate pamoja naye. Kisha akasema uyoga sikuutwanga ukalainika, na chumvi imepungua.

Naapa nilikuwa na jibu. Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, kwamba mkate huu ni wa bibi zangu kabla haujawa wake, na kwamba kuna mtu alioka uji mwaka fulani. Nikalimeza. Lilikwenda chini taratibu kama kidonge kikubwa.

Akauliza kama unaondoka na treni ya kesho. Nikamwambia ndiyo, ya kesho. Akasema, "Mayu wangu," na hapo ndipo macho yake yalipojaa. Hayakujaa kwa ajili yangu, nami sikudai. Akasimama, akaingia ndani na mkate na sahani, na mimi nikabaki nimesimama uani natazama kuku wake. Alipotoka alikuwa mikono mitupu. Akakaa, akashika ungo wake, akaendelea na karanga. Mimi mjinga nikakaa nikingoja sahani yangu, karibu nimkumbushe, mpaka akanitazama kana kwamba anauliza nangoja nini tena. Nikaaga nikaondoka. Nilifika nusu ya njia ndipo nikaelewa kwamba sahani kaibakiza, nikasimama barabarani, na Bi Tatu ananiona.

Sijui maana yake ni nini hasa. Huenda itarudi Krismasi na kitu juu yake. Huenda itarudi kesho kutwa, imeoshwa, tupu, nami nitakuwa nimestahili. Siwezi kukuambia limekwisha, maana sijui, na kutojua huku kunaniudhi kuliko ile hamira. Ila leo imelala kwake.

Mkate wako ni ule wenye bonde. Nimeufunga kwenye kitambaa, umo kwenye kapu chini ya vitenge. Uule ukiwa kwenye treni, na wagawie walio karibu yako, na mtu akikuuliza vipimo mpe vyote, mwambie kima kikauke mpaka mafuta yalie, kipoe, na uyoga utwangwe ukalainika. Chumvi imepungua kweli.

Kesho utapita kwake kumuaga kabla ya kwenda stesheni, najua hutaacha. Chochote atakachokupa kipokee kwa mikono miwili. Ila akikupa sahani, usiichukue. Mwambie mama hakukutuma.

Mimi mama yako, nisiye na sahani.